Je, Watuvalu wote wamehamia New Zealand? Jibu kwa mwalimu wa jiografia

Swali: "Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari huku Tanga. Tulipofika kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi, mwanafunzi mmoja alileta makala inayosema kisiwa cha Tuvalu kinazama na watu wake wote wamechukuliwa na New Zealand kama wakimbizi. Mwenzake akauliza: sasa huko wako wangapi, wanaishi sehemu gani, na lugha yao itabaki? Nimewaahidi majibu wiki ijayo. Naomba msaada."

Jibu:

Mwalimu, ukiingia darasani andika ubaoni namba hii: 6,585. Hao ndio watu waliojitaja kuwa Watuvalu katika sensa ya New Zealand ya tarehe 7 Machi 2023. Chini yake andika 10,600, ambao ndio wakazi wa Tuvalu yenyewe, kwa kukadiria, walipohesabiwa mwaka 2017. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, ile makala imekwisha. Watu wa Tuvalu hawajahama wote. Walio wengi bado wako kwao. Tena sehemu kubwa ya hao 6,585 hawakuhama kutoka popote. Walizaliwa Auckland, wanasoma Auckland, na Tuvalu wanaijua kwa simulizi za bibi na kwa simu za jioni.

Sahihisha na jambo la pili: Tuvalu si kisiwa kimoja. Ni visiwa tisa vya matumbawe vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki: Nanumea, Nanumanga, Niutao, Nui, Vaitupu, Nukufetau, Funafuti, Nukulaelae na Niulakita. Jina la nchi maana yake ni "wanane wanaosimama pamoja", kwa sababu Niulakita hakukuwa na wakazi wa kudumu hadi watu wa Niutao walipopelekwa kukaa huko. Nchi kavu yote ni kilomita za mraba 26 tu. Pemba peke yake inaizidi zaidi ya mara thelathini. Mkoloni Mwingereza aliviita Visiwa vya Ellice na kuvitawala pamoja na Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni Kiribati. Mwaka 1974 watu wa Ellice walipiga kura ya maoni wakachagua kujitenga, na tarehe 1 Oktoba 1978 wakapata uhuru. Tarehe hiyo ishike, tutairudia.

Sasa tuangalie namba zilivyopanda. Sensa ya New Zealand ya mwaka 2001 ilihesabu Watuvalu 1,965. Mwaka 2006 walikuwa 2,625. Mwaka 2013, 3,537. Mwaka 2018, 4,653. Halafu 2023 wakafika 6,585. Katika miaka 22 jamii hii imezidi mara tatu. Mtu akiitazama safu hiyo haraka atasema: si unaona, bahari inapanda, watu wanakimbia. Mimi nakuomba uwafundishe vijana kuitazama taratibu, maana hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Kati ya 2018 na 2023 waliongezeka watu 1,932. Mlango mkuu wa Mtuvalu kupata ukaazi wa kudumu New Zealand ni mpango ulioanza mwaka 2002, unaotoa nafasi kwa droo kwa watu wa Kiribati, Tuvalu, Tonga na Fiji. Tuvalu ilipewa nafasi 75 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka mitano: 375. Tena katika miaka hiyo mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, droo zikaahirishwa, na nafasi zilizopotea zikaja kufidiwa baadaye. Hata tukijaza kila kiti, 375 haiwezi kuzaa 1,932. Hao wengine wametoka wapi?

Jibu la kwanza ni watoto. Jamii hii ni changa mno. Katika sensa ya 2023 umri wa kati wa New Zealand nzima ulikuwa miaka 38.1, yaani nusu ya watu wako chini ya umri huo na nusu juu yake. Kwa watu wote wenye asili ya visiwa vya Pasifiki wanaoishi humo ulikuwa 24.9, na Watuvalu ni miongoni mwa walio wadogo zaidi katika kundi hilo. Jamii yenye umri wa namna hiyo huongezeka hata kama uwanja wa ndege umefungwa mwaka mzima. Wanafunzi wako wataelewa haraka, kwa sababu piramidi ya umri ya Watuvalu wa Auckland, pana chini na nyembamba juu, inafanana na ya Tanga kuliko ya Wazungu wanaoishi nao mtaa mmoja.

Jibu la pili ni namna sensa inavyouliza. Hapa itabidi nieleze kidogo, kwa sababu sisi Watanzania swali hili hatulijui. Sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967. Jirani zetu wa Kenya bado wanauliza. New Zealand nayo inauliza, lakini kwa namna yake: mtu anajitaja mwenyewe, na anaruhusiwa kutaja asili zaidi ya moja. Kila asili aliyoitaja anahesabiwa humo, kikamilifu.

Chukua nyumba moja ya mfano, tuipeleke Rānui, magharibi ya Auckland. Bibi alizaliwa Vaitupu. Mwanawe, baba wa nyumba, alikuja mwaka 2009 baada ya jina lake kutoka kwenye droo. Mkewe ni Msamoa. Watoto watatu wamezaliwa hapo hapo jijini. Kwenye chumba cha gereji analala binamu wa baba, aliyekuja kutembea, viza ikaisha, naye hajaondoka. Usiku wa sensa bibi na baba wanajitaja Watuvalu. Mama anajitaja Msamoa. Watoto wanatajwa kuwa yote mawili. Binamu hagusi fomu, kwa sababu anaogopa kila karatasi yenye nembo ya serikali. Nyumba ina watu saba. Sensa imeona sita. Jedwali la makabila limepata alama tisa: Watuvalu watano, Wasamoa wanne. Mpe mwanafunzi wako hesabu hiyo aifanye mwenyewe, na hatakuja kusoma takwimu za watu walio ughaibuni kwa macho yale yale tena.

Mchanganyiko huo wa Tuvalu na Samoa si wa bahati. Ukristo ulifika Nukulaelae mwaka 1861 kwa mkono wa Elekana, shemasi kutoka Manihiki katika Visiwa vya Cook ambaye mashua yake ilipotea baharini ikasukumwa hadi hapo. Waliofuata kuhubiri na kufundisha walikuwa wachungaji wa Kisamoa, na kwa miaka mingi Biblia na nyimbo za kanisani zilikuwa za Kisamoa. Mzee wa Kituvalu anayekisikia Kisamoa vizuri ni jambo la kawaida. Kwa hiyo vijana wao wanapokutana Auckland, hawakutani kama wageni.

Jibu la tatu ni ubora wa kuhesabu wenyewe. Sensa ya 2018 ya New Zealand ilikwenda vibaya. Walitegemea sana watu wajaze kwenye intaneti, na fomu za watu binafsi zilizorudi zilifikia asilimia 83.3 tu. Watu wa Pasifiki walikuwa kati ya walioachwa nyuma zaidi, na mapengo yakazibwa kwa kumbukumbu za ofisi nyingine za serikali. Mwaka 2023 juhudi za kuwafikia ziliongezwa. Kwa hiyo sehemu ya lile ongezeko la asilimia 41.5 inaweza kuwa ni watu waliokuwapo siku zote, ila safari hii wameonekana.

Mwaka 2012 nilikuwa msimamizi wa makarani wa sensa hapa kwetu. Unakumbuka swali letu: nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya sensa? Mama mmoja alitaja watoto waliolala ndani, kisha akamtaja na mwanawe aliyekuwa Muscat. Karani akamweleza kwamba wa Muscat hahesabiwi hapa. Mama akasema, "Mwandike tu, sahani yake ipo," akainuka akaionyesha, imefunikwa juu ya kabati. Karani hakumwandika, na alifanya sawa. Lakini kila ninapolitazama jedwali la jamii ya watu walio mbali na kwao, naikumbuka sahani ile. Sensa ya Tuvalu nayo ina masahani yake, na ya New Zealand ina watoto ambao bibi zao huko Niutao wanawahesabu kuwa wao.

Kuhusu mahali wanapoishi: karibu wanne kati ya kila Watuvalu watano wa New Zealand wako Auckland, na wengi wao upande wa magharibi wa jiji, kwenye vitongoji kama Henderson, Massey, Rānui na Te Atatū. Wasamoa na Watonga wengi zaidi wako kusini ya jiji. Kwa nini hawa wakaenda magharibi? Kwa sababu ile ile inayowapeleka watu wa wilaya moja kwenye mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Wa kwanza walipata nyumba za bei nafuu na kazi kwenye mashamba ya matunda na mboga nje kidogo ya jiji. Wa pili walifikia kwa wa kwanza. Wa tatu walikuta kanisa limeshaanza. Waliobaki wametawanyika, wengine Porirua na maeneo mengine ya Wellington. Kisiwa cha Kusini ni wachache.

Kanisa nililolitaja, Ekalesia Kelisiano Tuvalu, ndilo la wengi wao, nyumbani na ughaibuni. Lakini ndani ya kanisa na nje yake kuna mgawanyo ambao sensa haiuoni: kisiwa. Kwenye fomu wote ni "Watuvalu". Wao kwa wao, huyu ni wa Nanumea, yule ni wa Nukufetau, na kila kisiwa kina umoja wake Auckland, viongozi wake, michango yake, sikukuu yake. Pale Nui kuna jambo la pekee zaidi, maana watu wake wanazungumza lahaja ya Kikiribati, urithi wa waliotoka Visiwa vya Gilbert zamani. Mtoto wa Nui aliyezaliwa Henderson anaweza kuwa na Kiingereza cha shule, Kituvalu cha kanisani na Kinui cha bibi, vyote ndani ya nyumba moja.

Sasa nije kwenye neno "wakimbizi", maana ndilo lililoipotosha ile makala, na limepotosha nyingi kabla yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magazeti ya nchi mbalimbali yamekuwa yakirudia kwamba New Zealand imekubali kuwapokea Watuvalu wote nchi yao itakapozama. Makubaliano ya namna hiyo hayapo. Ule mpango wa 2002 ni mpango wa ukaazi na kazi. Anayeomba awe na umri wa miaka 18 hadi 45, jina lake litoke kwenye droo, apate mwajiri New Zealand, ajue Kiingereza, apimwe afya. Waeleze vijana kuwa ni kama ile bahati nasibu ya Green Card ya Marekani ambayo kila mwaka ilikuwa ikijaza watu kwenye vibanda vya intaneti, ila ukishinda bado una mlima wa kupanda. Na zile nafasi 75 ni za vichwa, mke au mume na watoto wakiwemo. Familia zikiwa na watoto, droo ya mwaka inaisha na nyumba ishirini na kitu.

Angalia pia unavyokaa huo umri: 18 hadi 45. Mpango wenyewe umechagua piramidi. Unachukua walio katika umri wa kuzaa na kufanya kazi, unawaacha wazee. Ndiyo maana jamii ya Auckland ni changa, na ndiyo maana kule visiwani unakuta bibi na babu wanalea wajukuu.

Mwaka 2014 baraza la rufaa za uhamiaji la New Zealand liliiruhusu familia moja ya Kituvalu kubaki nchini. Dunia ikatangaza wakimbizi wa kwanza wa tabianchi. Uamuzi wenyewe ulisema vingine: dai la ukimbizi lilikataliwa, kwa kuwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamlinda anayeteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake katika jamii au siasa, wala hautaji bahari. Ukaazi walipewa kwa sababu za kibinadamu, na uzito mkubwa ulikuwa kwamba ukoo wao ulikuwa umeshaota mizizi New Zealand. Yaani kilichowabakisha ni undugu.

Simaanishi kwamba bahari si tatizo. Ni tatizo kubwa. Mwaka 2021 waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu wakati huo, Simon Kofe, alirekodi hotuba yake kwa mkutano wa tabianchi wa Glasgow akiwa amesimama baharini, suruali imekunjwa, maji yakimfika magotini, na alikuwa akisema kweli. Maji ya chumvi yanaingia kwenye mashimo ya pulaka, yale magimbi makubwa ya majimaji ambayo ndiyo chakula cha heshima kwao, na shimo lililoingia chumvi halizalishi tena kwa muda mrefu. Lakini ukimuuliza Mtuvalu wa Massey kwa nini alikuja, kwa kawaida anaanza na shule ya watoto, kazi, hospitali, dada aliyetangulia. Bahari huja baadaye, kama wasiwasi wa watoto watakaozaliwa. Waliohama wana sababu nyingi kwa pamoja, kama wahamaji wote ninaowajua, na wengi wao hawapendi kuitwa wakimbizi. Heshima yao naomba ilindwe hata darasani kwako.

Tena hawa ni watu wa safari tangu zamani. Walikwenda kuchimba fosfeti Banaba na Nauru. Vijana wao walisomea ubaharia kwenye chuo kilichoko Amatuku, kisiwa kidogo cha Funafuti, wakaajiriwa kwenye meli za Wajerumani na kutuma mishahara nyumbani. Watu wa Vaitupu, kwa fedha walizopata katika kazi za wakati wa Vita Kuu ya Pili, walinunua kisiwa kizima cha Kioa huko Fiji mwaka 1946. Walowezi wa kwanza walihamia mwaka uliofuata, na hadi leo wajukuu wao wako hapo, wakiwa raia wa Fiji. Na safari moja hawakuichagua: mwaka 1863 meli za watekaji wa kwenda Peru zilichukua mamia ya watu kutoka Nukulaelae na Funafuti kwa hila, na Nukulaelae karibu ibaki tupu. Sisi wa pwani hii tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Kwa kulinganisha, angalia majirani zao. Niue na Tokelau ni maeneo ambayo watu wake ni raia wa New Zealand kwa kuzaliwa, hawahitaji viza. Matokeo: sensa ya New Zealand ya 2018 ilikuta watu wa Niue 30,867, wakati kisiwani kwenyewe hawafiki 2,000. Watokelau walikuwa 8,676, nyumbani kama 1,500. Kwa Tuvalu uwiano ni kinyume: walio wengi bado wako nyumbani. Nchi zote tatu ni za matumbawe, zote ziko kwenye bahari ile ile. Kilichozitofautisha ni pasipoti. Kama ningekuwa na dakika tano tu za kipindi chako, ningezitumia hapo.

Lipo jambo moja la sheria ambalo linawagusa watoto, nami linaniuma. Kuanzia tarehe 1 Januari 2006, mtoto anayezaliwa New Zealand hapati uraia wa nchi hiyo kwa kuzaliwa tu. Lazima mzazi mmoja awe raia au mwenye haki ya kukaa kwa kudumu. Rudi kwenye gereji ya Rānui. Yule binamu akipata mtoto na mwenzake ambaye naye viza imeisha, mtoto huyo amezaliwa Auckland, hajui nchi nyingine, na si raia wa hapo. Kupata matibabu kunakuwa kwa mashaka, na chuo kikuu kitamtoza kama mgeni kutoka ng'ambo. Katika jedwali la sensa, akiandikwa, yeye ni Mtuvalu mzaliwa wa New Zealand sawa na wenzake. Jedwali halionyeshi kwamba mlango wake umefungwa.

Mwanafunzi wako ameuliza kuhusu lugha, na hapo nina habari njema kiasi. Kati ya jamii za Pasifiki zilizoko New Zealand, Watuvalu ni miongoni mwa waliohifadhi lugha yao vizuri zaidi, kwa sababu wengi walikuja juzi juzi na bado wanaishi karibu karibu. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kuna wiki ya lugha ya Kituvalu, Vaiaso o te Gana Tuvalu, na inapangwa karibu na ile tarehe niliyokuomba uishike, 1 Oktoba. Hapo utasikia "talofa" ya salamu na "fakafetai" ya shukrani hata kwa walimu wa Kizungu. Utaona fatele, ngoma yao: wanaume wameketi wanapiga sanduku la mbao au mkeka kwa viganja, wimbo unaanza polepole, unarudiwa, kila mzunguko mwendo unapanda, hadi mwisho ni kelele na jasho na unakatika ghafla. Watoto wa miaka sita wanakaa pembeni wanajifunza pale pale.

Na wanawake wana kolose. Ni kufuma kwa sindano ya kulabu na nyuzi za rangi kali, nyekundu kando ya kijani kando ya manjano, kazi ambayo mama zetu wangeitambua mara moja, maana nani hakukulia kwenye nyumba yenye vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono? Wao wamekwenda mbali zaidi, wanafuma magauni, mapambo ya ukutani, nyota za duara kubwa. Mwaka 2014 kazi hizo zilipewa maonyesho yake katika kituo cha sanaa cha Māngere, Auckland. Zinafumwa kwa vikundi, na wakati vidole vinafuma, mdomo unazungumza Kituvalu. Msichana aliyezaliwa Henderson akikaa hapo Jumamosi mbili tatu, anaondoka na maneno ambayo shule haina.

Hatari iko kwa kizazi kinachofuata. Jamii inayooa Wasamoa, Wamaori na Wazungu, inayopangishwa nyumba na kuhamishwa kila kodi inapopanda, inaweza kuupoteza ule ukaribu wa mtaa mmoja. Lugha ya watu elfu sita haina akiba kubwa.

Mwisho nikutajie mambo mawili mapya, ili vijana wako wasije wakaishia 2023. New Zealand ilitangaza mwaka 2025 kwamba inaachana na sensa ya kila miaka mitano. Haitafanya ile ya 2028, na kuanzia 2030 itategemea kumbukumbu za serikali pamoja na sampuli. Kwa jamii kubwa huenda wasione tofauti. Kwa Watuvalu mimi nina hofu. Yule binamu wa gereji hayumo kwenye kumbukumbu za kodi wala za zahanati, na sampuli ya nchi nzima ikitafuta kundi ambalo ni mtu mmoja au wawili katika kila elfu, inaweza kuwakosa au kuwabahatisha. Safu ile niliyokupa, 1,965 hadi 6,585, inaweza isiwe na namba ya sita inayolingana nayo.

La pili ni Australia. Tarehe 9 Novemba 2023, huko Rarotonga, Waziri Mkuu wa Tuvalu wakati huo, Kausea Natano, na mwenzake wa Australia, Anthony Albanese, walitia saini mkataba wa Falepili. Ulianza kutumika tarehe 28 Agosti 2024. Unawapa Watuvalu nafasi 280 kila mwaka za kwenda kuishi, kusoma au kufanya kazi Australia, wakiwa huru kwenda na kurudi, na hauhitaji mtu awe na kazi kabla ya kuondoka. Droo ya kwanza ilifunguliwa Juni 2025 na kufungwa Julai, na walioandikishwa, pamoja na familia zao, walikuwa 8,750. Katika nchi ya watu elfu kumi na kitu, karibu kila nyumba ilikuwa na jina humo. Lakini kuandikisha jina si kuhama. Mtu anaweza kutaka mlango uwe wazi na bado akalala kwake.

Wafanyishe vijana hesabu hii: 280 kwa 10,600 ni asilimia 2.6 ya nchi kwa mwaka. Ukiongeza nafasi 75 za New Zealand, inapita asilimia 3. Kwa watu milioni 61.7 wa sensa yetu ya 2022, ile asilimia 2.6 peke yake ingekuwa zaidi ya Watanzania milioni 1.6 wanaofungasha kila mwaka. Waulize ni nani wangeondoka kwanza Tanga, na nani wangebaki. Kisha wachore piramidi mbili, ya Funafuti na ya Rānui. Australia imepanga kuhesabu watu wake Agosti 2026, na fomu yao inauliza asili ya mababu na mahali pa kuzaliwa. Hapo ndipo tutaanza kuona piramidi ya tatu.